Tulimchongea mwalimu wetu ngao pale Mwanjelwa, naomba niwape mrejesho kamili

Habari zenu ndugu zangu. Tangu zile picha za kumuaga mwalimu wetu wa darasa la kwanza zisambae kwenye magrupu watu wananiuliza ile ngao ya mbao tulitengeneza wapi na ilikuwa bei gani, wengine wana walimu wao wanakaribia kustaafu wanataka kufanya kitu kama hicho, sasa kumjibu kila mtu peke yake nimeshindwa, acha niandike mara moja mwenye kusoma asome. Itakuwa ndefu kidogo maana jambo lenyewe lina mengi na mi nalichukulia kwa uzito kweli.

Kwanza duka lenyewe. Ukishuka Kabwe hapa Mbeya mjini ukafuata njia ya kwenda sokoni Mwanjelwa, kabla hujafika sokoni kuna kichochoro cha mafundi cherehani na wauza viatu vya mtumba, ingia humo, mkono wa kushoto utaona bango la kijani limeandikwa MIHURI, NGAO, VIKOMBE, FREMU, basi. Jina la duka halipo, na wenyewe ukiwauliza wanakwambia we sema tu pale kwenye mihuri. Ni chumba kimoja, mbele kuna kaunta na kompyuta na dada mmoja anayefanya dizaini, nyuma wametenga kwa plaiwudi, humo ndo kuna mashine ya leza na meza ya mzee seremala. Kwa nje huwezi kudhani kuna kazi ya maana inafanyika pale, nilipita mara mbili nikitafuta.

Sasa naomba niwaeleze kwanini nilienda pale na wasiwasi. Miaka miwili kabla tulimuaga mwalimu mwingine wa shule yetu hiyohiyo ya msingi, aliyetufundisha hesabu darasa la tano. Tulifanya kwa haraka, mtu mmoja akatumwa kwenye duka fulani, sio hili, akachagua tuzo ya plastiki inayong'aa, akatuma jina kwa meseji, jioni akaichukua ikiwa tayari kwenye mfuko. Siku ya sherehe mshehereshaji anasoma, mwalimu naye anainama kusoma, halafu anatabasamu lile tabasamu la mtu mzima anayeficha kitu. Jina lake la ukoo, mnayajua majina yetu haya yanayoanza na Mwa, walikuwa wameruka herufi moja katikati, ikatoka ukoo mwingine kabisa, ukoo wa majirani zake. Na hakusema. Alishukuru akakaa. Mwaka uliofuata nilipita kwake kumsalimia nikaikuta juu ya kabati imegeuziwa ukutani, na herufi zenyewe kumbe zilikuwa za stika tu, zimeshaanza kubanduka kwa ule unyevu wa Tukuyu. Mtu kafundisha miaka zaidi ya 30 halafu kitu pekee tulichompa hawezi hata kukiangalia. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo mwaka jana ilipofika zamu ya mwalimu wetu wa darasa la kwanza nikawaambia wenzangu safari hii nitaenda mwenyewe na sitaondoka mpaka nione kwa macho.

Sisi tuko 31 tuliochanga, wote tulianza darasa la kwanza pamoja mwaka 1994 kwenye shule moja ya msingi huko Rungwe, kwenye migomba na chai na ile mvua isiyojua likizo. Mwalimu wetu aliajiriwa 1988 akiwa na cheti cha ualimu cha daraja la tatu A, katoka chuo cha ualimu Mpuguso, na tangu hapo mpaka anastaafu alikuwa darasa la kwanza na la pili. Septemba 2025 alitimiza miaka 60, na kwenye utumishi wa umma huo ndo umri wa kustaafu kwa lazima, ukitaka kwa hiari ni 55. Yeye 55 ilipita hata hakuigusa. Ijumaa yake ya mwisho kazini alikuwa ubaoni na chaki, wamenihadithia walimu wenzake.

Basi nikafika kwenye mihuri nikasalimia, nikamwambia dada nataka ngao ya mwalimu anayestaafu, nikategemea anifungulie picha nichague, kama wanavyofanya kwingine. Hakunifungulia picha. Alinipa karatasi moja ya A4 yenye maswali, na hapa ndo nilianza kulipenda hili duka. Jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti vyake. Watu wanamwitaje. Alianza kazi lini na anamaliza lini. Alifundisha nini na darasa la ngapi. Kuna neno gani alikuwa analisema sana. Itakaa wapi, ukutani au mezani. Nani atahakiki jina. Maswali yameandikwa kwa kalamu halafu yakatolewa kopi, sio kitu cha kifahari, lakini mtu aliyeyaandika ameshaona makosa ya kutosha kwenye hii kazi.

Kwenye grupu tulikuwa tumeshakubaliana maneno, nikampa: TUZO YA HESHIMA KWA MWALIMU BORA, KWA UTUMISHI ULIOTUKUKA. Mzee alikuwa katoka kule nyuma anapangusa vumbi mikononi, akaomba aione, akaisoma taratibu halafu akaniuliza.

"Mwanangu, haya maneno nikiyachonga hapa, jioni akaja mtu mwingine na mwalimu wake, si yatamfaa na huyo?"

Nikasema ndio baba, yatamfaa.

"Na huyu wenu alifanya nini?"

Jamani nilikaa kimya. Yani swali rahisi kabisa na sikuwa na jibu lililo tayari, nikasema alitufundisha kusoma. Akasema sasa hilo ndo neno, nenda kawaulize wenzako mengine kama hayo urudi kesho, mbao haiendi popote. Angeweza kuchukua hela yangu ile siku akachonga nilichompa, kazi ingekuwa imeisha. Alinirudisha nyumbani.

Usiku ule grupu halikulala. Mmoja akakumbusha lile sanduku la mchanga, lilikuwa boksi la mbao alilolijaza mchanga wa mtoni, unaandika herufi kwa kidole kwanza, ukiipatia ndo unapewa penseli, maana penseli zenyewe zilikuwa za kugawana nusu. Mwingine akakumbusha vizibo vya soda vya kuhesabia, alikuwa anavikusanya mwenyewe kwenye magenge Jumamosi. Mwingine, na huyu sasa hivi ni nesi, akasema mwezi wa sita na wa saba ile baridi ikikaza mwalimu hakuanza somo mpaka kila mtoto aweke mikono kwapani mpaka ipate joto, ndo anasema haya toeni madaftari. Mi hilo nilikuwa nimelisahau kabisa na nilipolisoma niliisikia ile baridi kwenye vidole. Wadogo zetu waliopita baadaye nao wana yao, ada ya shule ya msingi ilipofutwa, na ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, watoto walimiminika, darasa lake likapita mia, akawagawa asubuhi na mchana akafundisha mikondo yote miwili peke yake. Na 2016 elimu bila malipo ilivyoanza mafuriko yakarudi tena, yeye bado yupo palepale.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye duka niseme jambo ambalo limenikaa moyoni. Kwetu mwalimu anayepewa zawadi ni wa darasa la mtihani. Matokeo ya la saba yakitoka vizuri walimu wa la saba wanapigiwa makofi, sekondari kuna shule zinatoa hela kwa kila A, na mi sipingi, wanastahili. Lakini darasa la kwanza halina mtihani wa taifa. Yule aliyemfundisha mtoto a e i o u hayupo kwenye orodha yoyote siku ya makofi, wakati bila yeye huyo wa la saba angekuwa anamsomea nani maswali? Na kingine, mwalimu akiwa mzuri sana tunamtoa darasani. Anapewa ualimu mkuu, anakuwa afisa elimu kata, anahamia ofisini, ndo tunaita kupanda. Yule anayeamua kubaki na watoto miaka 37 tunamwona kama hajapanda popote. Mwalimu wetu aliwahi kukaimu ualimu mkuu kwa muda akaomba mwenyewe arudishwe darasa lake la kwanza, na watu walimshangaa, wengine walimwona hana akili ya maisha.

Kutambuliwa kupo, sisemi hakupo. Mei Mosi kila mwaka wafanyakazi hodari wanapewa vyeti, ile ya kitaifa 2019 ilifanyikia hapahapa Mbeya uwanja wa Sokoine nami nilikuwepo, niliwaona walimu wakiandamana na mabango yao nikasimama kuwapungia. Kuna Siku ya Walimu Duniani tarehe 5 Oktoba, imewekwa siku hiyo kwa sababu tarehe kama hiyo mwaka 1966 ndo UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na mle imeandikwa wazi kwamba ualimu ni taaluma. Taaluma, sio kazi ya kujishikiza. Lakini cheti cha ofisini kinaandikwa na ofisi, na ofisi haikuwepo kwenye lile sanduku la mchanga. Sisi tulikuwepo. Hayo tusipoyaandika sisi hakuna wa kuyaandika, na ndo maana lile swali la mzee nililiona la thamani kuliko hata mbao yake.

Turudi dukani. Kesho yake nikarudi na karatasi imejaa pande mbili. Dada akaisoma yote, akasema haya hayatoshi kwenye ngao hata ikiwa mlango, tuchague. Tukachagua. Juu kabisa neno MWALIMU kubwa peke yake, halafu chini jina lake bila Bi. wala Bibi. Kwenye kamati kulikuwa na mtu aliyetaka tuongeze daraja lake la mshahara na vyeo, mi nikakataa nikawaambia Nyerere aliacha kufundisha Pugu 1955, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na mpaka anafariki 1999 watu walimwita Mwalimu, cheo gani kingine tunatafuta? Wakakubali. Halafu ikafuata: Darasa la kwanza, 1988 hadi 2025. Halafu: Alitufundisha kusoma kwa kidole kwenye mchanga. Na mwisho kabisa NDAGA FIJO, maana pale ni Unyakyusani na asante ya pale ni hiyo. Dada sio Mnyakyusa, akanipa kalamu niandike mwenyewe kwa herufi kubwa akanakili herufi moja moja, akaniuliza fijo ina i moja au mbili. Mtu anayeuliza hivyo hakosei jina la mtu.

Halafu akaniuliza swali la mwisho, kama kuna kitu chochote chenye mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Nikasema miaka 31 imepita dada yangu nani atakuwa nacho. Nikauliza tu kwenye grupu. Kumbe kuna mwenzetu mmoja yuko Kiwira, mama yake ni wa wale mama wasiotupa kitu, daftari lake la darasa la kwanza la 1994 liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na kadi ya kliniki. Akapiga picha ukurasa mmoja akatuma. Ndugu zangu, mwandiko wa kalamu nyekundu, ule wa kuunga, mviringo kabisa: Vizuri sana. Usiache kusoma.

Dada akasema picha ya WhatsApp inapunguza ubora, leteni daftari lenyewe. Likaja na kosta mpaka stendi ya Nanenane, limefungwa kwenye gazeti na mfuko juu, nikalipokea kama napokea mtoto. Akaliskani, akakaa kwenye kompyuta akaanza kufuta mistari ya daftari na madoa ya unyevu, nilikaa pembeni yake kama saa nzima nikiangalia. Mbele ya neno sana kulikuwa na kidonge kidogo cha wino. Nikamwambia hicho nacho kifute. Akasema hapana dada, hapa ndo alisimamisha kalamu akafikiria aongeze nini. Akakiacha. Kipo kwenye ngao mpaka leo, kidoa kidogo kama punje ya mtama, na ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote.

Kuhusu mbao sasa, kwa wanaouliza. Mzee alinipa chaguo tatu. Paini, ndo rahisi, inapatikana kirahisi huku kwetu, ila akaniambia ukweli kwamba leza kwenye paini haitoi rangi sawa, kwenye ile mistari laini inachoma sana na kwenye mistari migumu inachoma kidogo, kwahiyo maandishi membamba kama ya mwandiko yanatoka yamekatikakatika. Akanionyesha kipande alichojaribia na kweli. Akriliki inatoka safi na inapendeza siku ya kwanza lakini ikifutwafutwa na kitambaa inachubuka inakuwa na ukungu. Na mninga, unene kama sentimita mbili, huu ndo alinishauri. Mwenyewe aliupiga msasa mara tatu, wa kwanza mkwaruzo, wa mwisho laini kama karatasi, akanishikisha kila hatua. Vanishi akapaka ile isiyong'aa, akasema ikiwa ya kung'aa ukutani taa inapiga mtu hasomi. Na ile sahani ya rangi ya dhahabu ya jina, aliniambia kabla sijauliza kwamba sio shaba, ni aluminiamu, ya shaba ipo ila inaagizwa na bei nyingine. Nilipenda alivyosema mwenyewe.

Kabla ya kuchoma waliprinti kila kitu kwenye karatasi kwa ukubwa uleule, wakaniambia isomwe na mtu wa familia kisha nisaini. Nikaituma kwa binti yake mkubwa, tuliyemshirikisha kwa siri, akalinganisha na barua ya ajira ya mama yake. Jina lilikuwa sawa. Mwaka ndo ulikuwa umekosewa, tulikuwa tumeandika 1987 na barua inasema 1988, kosa ni letu kwenye grupu sio la duka. Bila ile karatasi tungekuwa tumerudia yaleyale. Mtu yeyote anayetengeneza tuzo sehemu yoyote, hata kama sio hapa, adai hiyo karatasi kabla hajalipa yote. Adai kabisa.

Mapungufu yapo na nisipoyasema nitakuwa siwatendei haki. Waliniahidi Jumanne nikachukua Alhamisi, umeme ulikatika siku moja na nusu na hawana jenereta, na hawakunipigia, mpaka nilipoenda mwenyewe ndo nikaambiwa. Sherehe ilikuwa Jumamosi tarehe 4 Oktoba, siku moja kabla ya Siku ya Walimu, kwahiyo mnaweza kuelewa zile siku mbili nilizipitaje, usingizi sikuupata. Mzee simu hapokei, mtafute dada. Kile kindoano cha kutundikia walichoweka nyuma kilikuwa kidogo kwa uzito ule wa mninga, ilibidi kaka yangu abadilishe akaweka viwili. Boksi lake ni la kawaida mno, sponji imekatwa ovyo kwa kisu, kwa kazi nzuri vile nilitegemea boksi lenye hadhi kidogo. Na kingine ambacho nilimwambia dada ana kwa ana, sampuli zao za vyeti karibu zote ni za Kiingereza. Tulitaka na cheti cha kawaida cha kuambatanisha, ikabidi tuanze kukiandika upya mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu aliyetufundisha kusoma kwa Kiswahili apewe shukrani kwa lugha ambayo hata sisi wenyewe hatuongei naye? Dada alikubali akasema ataandaa za Kiswahili, naamini ataandaa.

Sherehe sitaieleza yote maana picha mmeziona. Ilikuwa kwenye darasa lake, ukungu umeshuka mpaka dirishani, mama lishe wa pale wamepika ndizi na nyama, afisa elimu kata alikuja na alisema maneno mazuri, walimu wenzake walimpa kitenge na godoro, sisi tukampa ngao na bahasha. Binti yake ndo alifunua kitambaa. Mwalimu akavaa miwani, akasoma jina lake kwanza, kimya kimya, nilimwona midomo inacheza. Sawa. Akashuka chini. Alipofika kwenye ule mwandiko wake hakusema kitu, akanyoosha kidole cha shahada akaanza kuzifuatisha herufi, V, i, z, u, moja moja ndani ya ule mchongo, vilevile alivyokuwa anatushika mikono kwenye mchanga, mpaka akafika kwenye kile kidoa cha wino akasimama.

Halafu akageuka akauliza, "Daftari hili la nani?"

Mwenzetu wa Kiwira akasimama, mtu mzima wa miaka 38 ana watoto watatu, akasema shikamoo mwalimu, ni langu.

"Marahaba mwanangu. Wewe ulikuwa unageuza b na d."

Darasa zima lilipiga kelele, na yule kaka alifunika uso akalia, mimi nami nikalia, nesi wetu ndo usiseme. Miaka 31 na mamia kwa mamia ya watoto katikati, anakumbuka b na d za mtu. Bado wale watoto wa darasa la kwanza wa sasa, walioruhusiwa kukaa chini mbele, wakaanza kuisoma ngao kwa sauti bila mtu kuwaambia, mwa, li, mu, mwalimu, ki, do, le, kidole. Nimeshahudhuria shughuli nyingi za kuagana lakini hii nitazeeka nayo.

Nilimpigia mzee jioni kwa simu ya dada nikamhadithia. Akakaa kimya kidogo akasema, "Basi mbao imefika." Hakuongeza kingine.

Bei sasa, maana najua wengi mmeruka mkaja hapa. Ngao ya mninga ukubwa wa A4 na kuchomwa kwa leza shilingi 95,000, boksi 10,000, jumla 105,000, advansi nusu na nusu ukichukua. Kuskani na kusafisha mwandiko hawakutuchaji, nilimuuliza dada mara mbili akasema imo humohumo, ila mi nadhani wangechaji kitu maana ni kazi ya saa nzima. Ya paini ukubwa huohuo walinitajia 60,000, ya akriliki 55,000. Cheti na fremu yake 15,000. Kwa watu 31 ilikuwa hata elfu nne kila mmoja haifiki, hela nyingine yote iliingia kwenye bahasha. Usafirishaji hawana, unachukua mwenyewe au unapakia kosta kwa gharama yako, ukipakia mwambie konda aweke mbele kwenye dashibodi sio chini ya siti.

Wako wazi kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na mbili, Jumapili wamefunga. Yule mwalimu wetu wa hesabu tumeshamchongea nyingine, jina lina herufi zake zote, wiki ijayo nampelekea mwenyewe. Nyie mnaotaka kwa ajili ya Oktoba pelekeni oda mwisho wa Agosti, Septemba inapoanza kuna mahafali ya la saba na kidato cha nne, foleni inafika mpaka kwa wauza viatu. Na mkienda bebeni daftari.